Doa la Kushoto

Mjomba Chilumba aliacha vitu vitatu:
deni la pazia la buluu la picha za pasipoti,
jina la studio lililofutika nusu pale stendi ya Newala,
na kamera hii.
Ndani ya lenzi yake umeota ukungu,
ukungu wa Mikindani, alisema, alikopanga miaka miwili karibu na maji,
umetanda kama kuvu kwenye makopa yaliyonyeshewa.
Kila picha hutoka na doa, kushoto.

"Usilifiche," aliniambia. "Lipe kazi."

Shimo la Mungu, saa kumi na mbili kasorobo.
Tundu nimelibana hadi mwisho
ili jiwe la miguuni na vilima vya Msumbiji
vyote vitoke vikali.
Lakini tundu likibanwa, doa nalo hukaza,
hukaa pale kama mdai mlangoni.
Dawa yake ni ukungu kwa ukungu:
subiri Ruvuma ipumue,
mvuke upande bonde kwa bonde
mpaka ufike kushoto,
hapo fyatua.
Ukichelewa dakika mbili jua limeshakula kila kitu.

Kwenye ua la korosho, kinyume chake.
Fungua tundu lote, sogea mpaka pua inuse.
Doa linayeyuka lenyewe,
shamba zima huko nyuma linakuwa uji,
linabaki ua moja, dogo kuliko kucha,
na maji moto mmoja amesimama juu yake
kama mlinzi wa ghala la chama cha msingi.
Usipumue. Pumzi yako, kwa ua, ni kimbunga.
Nilikuwa sijapumua,
wenzake wananipanda shingoni,
Bi Fadina akawasha bomba la salfa mstari wa pili.
Vumbi la njano lote likanijia.
Nikafyatua huku nalia.
Hiyo ndiyo picha yangu nzuri kuliko zote:
miale ya jua inahesabika kama miyaa ya mkeka,
na chungu, katikati, hana habari.
Nilikohoa siku tatu.

Mdiria wa ziwa Chidya, usimfukuze.
Nimejaribu. Nina picha mia na sita za maji yaliyorukiwa.
Mjomba hakuwahi kumpiga ndege picha,
ila watoto wachanga wa kadi za kliniki, wengi,
akasema ni walewale:
tafuta kijiti chenye mavi meupe,
kilenge hicho, kasi juu, kaa.
Ndege ana mazoea kama mlevi na benchi lake.

Rondo nilikwenda usiku, kwa ajili ya komba.
Flashi niliiacha kwenye begi makusudi.
Jicho lile limeumbwa kwa mwanga wa nyota;
kulimulika ghafla ni kumwagia mtu uji wa moto.
Tochi nikaifunga kitambaa chekundu,
kamera juu ya kisiki, sekunde nane.
Ndani ya sekunde nane komba alishafika mti wa tatu.
Picha ina tawi, tawi, na kitu kama moshi.
Mimi naipenda.
Hakuna aliyewahi kuulizia bei.

Mwaka huu fundi mmoja wa Mtwara, kule Chikongola,
aliifungua lenzi kwa bisibisi nyembamba kama mwiba,
akapangusa, akapuliza, akataka elfu thelathini na tano.
Nikalipa, nikasahau hata kumshukuru.

Nimerudi Shimo la Mungu. Mvuke haukuja.
Nikabana tundu, nikafyatua,
nikatazama kushoto kwa mazoea,
kama ulimi unavyolirudia pengo.
Kumbe pale kuna njia.
Nyembamba, nyekundu, inashuka kwenda mtoni,
na juu yake nukta mbili:
mtu na baiskeli, au mtu na mbuzi.
Miaka saba nimekuwa nikiwafunika.

Nikapiga tena.
Nukta zilikuwa zimesogea.